Mwalimu Aliyetufundisha Kusoma Rangi

Kwa muda mrefu, kila nilipokwenda Kijenge kwa shughuli zangu, hakukosekana mtu wa kunishika mkono na kuniuliza, "Wewe si ndiye uliyekuwa maabara na yule Mwalimu aliyekula na mwenye kitalu?" Nilikuwa naangalia chini, nasema ndiyo nilikuwa naye, nasingizia nina haraka, naondoka. Leo naweza kusema kwamba hakula hata shilingi ya mtu, kwa sababu mwenyewe ameniruhusu. Jina lake ndilo silitaji. Maabarani tulimwita Mwalimu, kanisani kwao wanamwita Mwalimu, hata mke wake humwita hivyo hivyo. Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, waulizwe wenye ukoo. Mimi ninachokijua ni kwamba alikubali kuitwa mwizi kwa kuwa ukweli ulimtia aibu kuliko wizi, na kwamba aibu hiyo alinigawia na mimi nikaibeba.

Maabara yetu ilikuwa upande wa Njiro, nyumba ya kuishi iliyogeuzwa mahali pa kazi, jikoni pakawekwa mashine na chumba cha wageni kikawa stoo ya dawa. Kazi yetu kubwa ilikuwa miche ya kahawa. Mwenye kitalu analeta majani machache kwenye bahasha, sisi tunatoa vinasaba, tunavisoma, tunamwambia kama miche yake kweli ni ya ile mbegu inayostahimili ugonjwa wa kutu ya majani au ni ya kubahatisha. Kusoma kwenyewe kunafanywa na mashine, lakini mashine haimalizi. Inakuletea kwenye kompyuta mstari mrefu wa vilele vya rangi, kila rangi na herufi yake: A kijani, T nyekundu, C buluu, G nyeusi. A hukaa na T, G hukaa na C, hizo ndizo jozi na hazibadilishani wenza. Mche safi una kilele kimoja kila mahali. Mche uliochanganyika, kuna mahali utakuta vilele viwili vya rangi mbili vimebanana palepale panapotakiwa kimoja, na mashine kwa uvivu wake inaandika herufi moja tu hapo juu na kuendelea na safari. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutazama, na mtu huyo alikuwa Mwalimu.

Alinifundisha siku yangu ya kwanza, kabla sijapata hata pa kuweka mkoba.

"Wewe ni mtoto wa Meru?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kazi hii uliianza zamani. T ni kahawa iliyoiva. A ni kahawa mbichi. C ni anga likitakata, G ni masizi ya jikoni kwa mama yako. Umeelewa?"

Nilielewa, na sijasahau. Vijana wote waliopita mikononi mwake wanaijua kahawa mbivu na kahawa mbichi ya Mwalimu. Wengine sasa wako Dodoma, wengine wamevuka mipaka, na nina hakika wakiona T bado wanaona shamba.

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukuambia anaona nini. Huo ndio uliokuwa mtindo wake. Utamwita, "Mwalimu, hapa pana shida," atakuja, atasimama nyuma ya kiti chako, mikono mgongoni, atasema, "Unaona nini? Soma." Unasoma kwa sauti. Ukikosea hakurekebishi. Anamwita mwenzako asome palepale, na mkitofautiana anawaacha mbishane. "Mkikubaliana mniite," anasema, anatoka zake nje kumwagilia maua. Tulijivunia sana mtindo huo. Mgeni mmoja mkubwa kutoka Dar alikuja akakaa nasi siku nzima, akasema hajawahi kuona mtu anayefundisha kwa kuheshimu akili za vijana namna ile. Mwalimu aliinamisha kichwa. Sisi tukasema, tazama unyenyekevu.

Nisije nikaeleweka vibaya, kazi aliijua. Kwa umbo la vilele tu alikuambia jani lilikauka juani kabla ya kufika kwetu, au kwamba uliharakisha kusafisha, au kwamba ulipima dawa huku unapiga soga. "Mstari huu una kelele," alikuwa anasema, na ukienda kuuliza unakuta kweli. Mtu akisema "nadhani" alimfukuza kwa maneno: "Nadhani peleka uwanjani kwenye mpira." Na tukizozana sana juu ya rangi alikuwa na msemo wake: "Rangi ni nguo. Mtazame aliyevaa." Tuliuandika msemo huo kwenye karatasi tukaubandika ukutani, juu ya mashine. Aliuona kila siku aliyofanya kazi pale, na sasa sipendi kufikiria ulimwambia nini.

Nguo zake mwenyewe zilikuwa kaki na nyeupe. Mke wake alinisimulia huku akicheka kwamba zamani alikuwa na tai, mpaka siku alipokwenda kumzika jirani akiwa amefunga tai nyekundu ya harusini, nyekundu ya kuonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Watu walipomkodolea macho alisema marehemu alikuwa mtu wa furaha. Mama wa watu alikwenda kuficha zile tai zote sandukuni. "Mwalimu wangu kwa vitabu hana mpinzani," aliniambia, "ila kwa mavazi ni mtoto." Sokoni Kilombero Mwalimu alikuwa adui wa wauza nyanya. Hakuchagua kwa macho, alibonyeza moja moja kwa kidole gumba, na akina mama wale hawana subira. "Mzee, nyanya zangu unazikanda chapati?" Yeye anabonyeza tu. Tuliokuwa naye tulijifanya hatumjui.

Kwa ujumla hakuwa mtu wa majivuno. Alibeba samadi kichwani, aliosha vyombo vya maabara na sisi, alikaa kwenye benchi la jikoni akala loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, na mlinzi kutoka sufuria moja. Kitu kimoja tu kilimharibia sifa huko kwao mlimani: hakuchuma kahawa. Msimu ukifika, kwetu hata mchungaji anavua koti na kuingia chini ya migomba, maana kahawa ikiiva haimsubiri mtu. Yeye angebeba magunia, angewapikia wachumaji chai, angekesha kwenye mashine ya kukoboa, lakini kuinama kwenye mbuni na kikapu, hapana. Alisema ni mgongo. Mgongo huohuo wa kubeba magunia! Watu walicheka pembeni wakasema amesoma sana, vidole vyake vimekuwa vya kalamu. Aliwaacha waseme. Hata mimi nilisema, na nilisema mbele ya wengine ili wacheke.

Kisha nikaenda likizo ya uzazi. Mwenzangu aliyekuwa akisoma vilele pamoja nami naye alishapata kazi kwingine, kwa hiyo Mwalimu alibaki peke yake na vilele vyake. Katika miezi hiyo yakaletwa majani kutoka kitalu cha shemeji yake, kaka wa mke wake. Miche ilikuwa imeshaagizwa na kikundi cha akina mama wa juu kule kuelekea msituni, wajane wengi, wengine waume zao wapo lakini hawasaidii. Walichosubiri ni neno la Mwalimu tu. Mwalimu aliangalia, akaandika kwamba miche ni safi, akasaini. Akina mama wakang'oa mibuni yao ya zamani, ile iliyopandwa na wakwe zao, wakaichoma kuni, wakapanda mipya.

Mvua za msimu wa pili ndizo zilizofichua. Kutu ikashika. Haikushika yote, na hilo ndilo lililowachanganya watu: mche huu umesimama kijani kibichi, wa pili yake majani yamejaa unga wa kutu na kudondoka. Kikundi kikaita mkutano, Mwalimu na shemeji yake wafike kujibu.

Mimi nilikuwa nimesharudi kazini, na meneja wa maabara aliniagiza nifuatane na Mwalimu. Asubuhi ya mkutano, kabla hajafika, nilifungua kwenye kompyuta vilele vya ile miche. Sikuhitaji kutafuta. Kijani na nyekundu, mahali pamoja, zimepandana waziwazi. Mche wa kwanza hivyo, wa tatu hivyo, na mingine huko mbele. Shemeji mtu hakuwa na hila, mbegu yake ilikuwa imechanganyika shambani na kahawa za majirani bila yeye kujua. Kazi ya kujua ilikuwa yetu. Mwalimu alipoingia nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamsogezea kiti.

"Mwalimu, hebu tazama hapa. Unaona nini?"

Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Kilele kimoja," akasema. "Kinene kidogo."

Nilifikiri ananipima kama zamani. "Hiki cha kijani," nikaonyesha kwa ncha ya kalamu, "na hiki chekundu nyuma yake."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Akaivaa, akatazama tena, akaivua. Hapo ndipo nilipoelewa, na joto likanipanda usoni kana kwamba mimi ndiye niliyekamatwa. Miaka yote niliyokaa kiti kimoja kutoka kwake, kazi yangu ikiwa kuona, na sikuona.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu nimjue mama yangu." Aliongea akiutazama mlango. "Nilikuwa mdogo, nikachuma kikapu kizima cha kahawa mbichi. Nilidhani nimefanya vizuri, nimejaza kabla ya wenzangu. Mama alikimimina chini mbele ya wachumaji wote. Wakacheka, binti. Walicheka msimu mzima. Nikaambiwa shambani sifai, bora shule. Huko shule ndiko nikaambiwa nina akili."

"Leo uwaeleze hivyo hivyo. Watakuelewa."

"Mmeru asiyejua kahawa mbivu?" Aliniangalia kwa ukali. "Na ndiye niliyekuwa nawafundisha watoto wa watu rangi? Ukimwambia mtu, umenivua nguo sokoni. Niahidi."

Nikaahidi. Ningefanya nini? Alikuwa Mwalimu wangu.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la mashine ya kukoboa. Mwenyekiti wa kikundi ni mama mrefu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza, na siku hiyo hakuipandisha, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Mwalimu, sisi mashine yenu hatuijui," alisema. "Tulikuamini wewe. Tumeng'oa kahawa za wakwe zetu kwa saini yako. Sasa tuambie, shemeji yako alikupa nini?"

"Sikumpa kitu!" shemeji yake akaruka. "Mwalimu, waambie!"

Mwalimu alisimama, kofia mkononi. "Nimekosa, mama zangu. Nisameheni."

"Umekosa nini?"

"Nimekosa."

Watu wakaguna. Nyuma yangu mama mmoja akasema bila kujificha, "Mtu asiyekula hujitetea." Shemeji alimtazama Mwalimu kwa mshangao kwanza, kisha kwa chuki, kwa sababu ule ukimya ulikuwa unawafunga wote wawili kamba moja. Nami nilikuwa nimekaa palepale na jibu mdomoni, natazama viatu vyangu. Mwenyekiti aliniuliza, "Na wewe binti, una la kusema?" Nikasema sina.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda kama maji ya mteremko. Mwalimu aliacha kazi kabla hajaambiwa aache. Alijiuzulu uzee wa kanisa, akawa anakaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka. Kitalu cha shemeji kikakosa wanunuzi. Mke wake ndiye niliyemhurumia kuliko wote: ama mumewe kala au kaka yake kahonga, achague mwenyewe. Alimchagua mumewe. Walihamia nyumba yao ya Olmotonyi, na mimi nikawa nakwenda kuwasalimia mara chache, kila mara nikiwa na sukari na kila mara nikiwa sina la kuongea. Mwalimu angenisindikiza mpaka barabarani, angeniuliza habari za mtoto, na hapo kwenye kuagana angesema kwa sauti ya chini, "Bado umenishikia?" Nami nilijibu bado.

Mwaka huu, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye ile programu tunayosomea vilele, nilibonyeza mahali ambapo sikuwahi kubonyeza, ukafunguka ukurasa wa kuchagua rangi. Unaweza kuipa kila herufi rangi uitakayo. Nilikaa nimeutazama mpaka chai ikapoa. Halafu nikaifanya A buluu iliyokoza, T nikaifanya njano, C kijivu, G nikaiacha na masizi yake. Jumamosi iliyofuata nikachukua kompyuta ndogo ya kazini nikapanda Olmotonyi.

Tulikaa sebuleni. Mke wake alikuwa jikoni anapika. Nilimfungulia Mwalimu vilele vya ile miche, ile ile, sikumwambia nimefanya nini. Alitaka kugeuza uso kwanza. Kisha akasogea. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Viwili," akasema.

Kidole kikasogea. "Hapa viwili. Hapa tena." Kikaendelea, mche kwa mche, hakikosei hata mahali pamoja, na kadiri kilivyokwenda ndivyo sauti yake ilivyopungua mpaka akawa anagusa tu bila kusema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyeleta zawadi.

"Umefanyaje?"

"Nimebadilisha rangi, Mwalimu. Kuna kitufe."

"Kitufe." Alinitazama. "Kimeanza lini?"

Furaha ikanitoka. Hilo swali sikuwa nimelifikiria njiani kote. Kitufe kilikuwepo. Kilikuwepo siku naingia pale na mkoba wangu, kilikuwepo asubuhi anasaini ile miche, pembeni mwa kioo kilekile alichokiinamia. Angemwambia mmoja tu kati yetu, yeyote, tungekitafuta na kukipata kabla ya saa ya chai. Alikuwa ananisubiri, mdomo umeachama kidogo, mzee wa kaki na nyeupe.

"Ni cha mwaka huu," nikasema. "Wamekiongeza juzi juzi."

"Basi zamani hakikuwepo."

"Hakikuwepo, Mwalimu."

"Basi nisingeweza." Alipumua, na mabega yake yakashuka. "Hata ningefanyaje, nisingeweza."

Akamwita mke wake. Yule mama alikuja na mwiko mkononi, akaambiwa aketi, akaketi ukingoni mwa kiti. Mwalimu akamwambia yote kwa mkupuo: kijani na nyekundu kwake ni kitu kimoja, tangu utotoni, kikapu, vilele, kwamba kaka yake hakutoa kitu na yeye hakupokea kitu. Alisema akimtazama usoni. Mama aliuweka mwiko juu ya meza, juu ya kitambaa chake cheupe, pasipo sahani.

"Mwanawe kaoa sikwenda," akasema. "Kaka yangu wa tumbo moja. Alinitumia kadi, sikwenda."

"Najua."

"Ulikuwa unajua na ukaniacha nisiende?"

Mama hakusubiri jibu. Aliinuka akaenda chumbani, tukamsikia anafungua kabati. Alipotoka alikuwa amejifunga khanga safi na mkoba umo kwapani. Alisimama mlangoni akimngoja mumewe bila kumtazama.

Mwalimu naye akainuka. Alitafuta koti lake akalivaa, akajifunga vifungo vyote hadi shingoni. Sijawahi kumwona na nguvu namna ile tangu aondoke maabara.

"Tunaanza kwa shemeji, halafu tunapanda kwa Mama Mwenyekiti," akaniambia. "Kompyuta ichukue, iwe na chaji. La macho yangu nitalisema mwenyewe, wacheke wakitaka. Wewe utawaeleza la kitufe, kwamba wakati ule hakikuwepo. Ukisema wewe watakubali. Wanajua hujawahi kusema uongo."

"Nitawaeleza, Mwalimu," nikasema, nikaifunga kompyuta.